Ushuru Umepungua, Ada Bado Zinakula: Mwongozo wa Pensheni na Mirathi Nchini Kenya

Tangu 27 Desemba 2024, Mkenya anayestaafu akiwa ametimiza umri uliowekwa na mpango wake wa pensheni halipi ushuru kwa mafao yanayotoka kwenye mpango huo, mradi uwe umesajiliwa. Sheria ya marekebisho ya ushuru iliyoleta nafuu hiyo ilianza kutumika wakati wengi wako safarini kwenda mashambani kwa sikukuu, na mpaka leo nakutana na watu wanaokaribia kustaafu huku wameshajitengea hasara ya laki kadhaa za KRA ambazo hakuna atakayewadai.

Kinachomaliza akiba ya uzeeni siku hizi ni mambo mengine. Ni ada zinazokatwa kimyakimya mwaka baada ya mwaka, ni pesa zinazotolewa kabla ya wakati wake, na ni mali ya marehemu inayokaa muda mrefu bila mwenyewe huku madeni ya kaunti yakiongezeka. Mwongozo huu ni wako wewe unayekatwa NSSF, labda una sacco na ploti moja, na una watu utakaowaachia. Mengi ya yaliyomo humu unaweza kuyafanya mwezi huu bila kumlipa mtu yeyote.

Pesa inapoingia

Mchango wa pensheni huondolewa kwenye mshahara kabla ya PAYE kupigwa. Kikomo ni shilingi 30,000 kwa mwezi, yaani 360,000 kwa mwaka. Zamani kilikuwa 20,000. Ndani ya kikomo hicho kuna michango yako yote pamoja, NSSF ikiwemo, na isizidi asilimia 30 ya mshahara unaohesabiwa kwa pensheni.

NSSF yenyewe imebadilika sana. Kwa miaka mingi mwajiriwa alikatwa shilingi 200 na mwajiri akaongeza 200, ndiyo maana wazee wetu wengi walifungua barua ya NSSF wakakuta kiasi kisichotosha hata kuezeka nyumba. Sheria ya 2013 ilikwama mahakamani hadi Februari 2023 ndipo ikaanza kutekelezwa. Sasa unakatwa asilimia 6, mwajiri anaongeza asilimia 6, na kikomo cha mshahara unaohesabiwa kimekuwa kikipanda kila Februari. Februari 2026 kilifika 108,000, kwa hiyo makato ya juu kabisa ni 6,480 kutoka kwako na kiasi hicho hicho kutoka kwa mwajiri.

Tuseme wewe ni muuguzi katika hospitali ya binafsi na mshahara wako ni 100,000. NSSF inakata 6,000. Ukiamua kuweka 10,000 zaidi kila mwezi kwenye mpango wa pensheni wa mtu binafsi, jumla inakuwa 16,000, bado uko chini ya kikomo. Kwa kuwa sehemu ya juu ya mshahara wako iko kwenye daraja la asilimia 30, PAYE inapungua kwa 3,000. Umeweka 10,000, lakini pesa ya mkononi imepungua kwa 7,000 tu. Makato ya SHIF ya asilimia 2.75 na ya nyumba ya asilimia 1.5 hayabadiliki, kwa sababu hupigwa kwenye mshahara mzima.

Linganisha na kuweka pesa hiyo benki. Ile 10,000 ikipita kwanza kwenye PAYE inabaki 7,000. Ukiiweka kwenye akaunti ya muda maalum au mfuko wa soko la fedha, kila riba inayoingia inakatwa asilimia 15. Ndani ya mpango wa pensheni uliosajiliwa, faida ya uwekezaji haitozwi ushuru. Chukua faida ya asilimia 10 kwa mwaka pande zote mbili, kwa miaka 20, kabla ya ada. Ile 10,000 moja ya pensheni inafika takriban 67,000. Ile 7,000 ya benki, ikikua kwa asilimia 8.5 baada ya makato, inafika kama 35,800. Huo ni mchango wa mwezi mmoja tu.

Hata hivyo sikushauri uingize kila shilingi kwenye pensheni. Pesa ile imefungwa, na mtoto akiugua usiku haitafunguka. Weka kwanza akiba ya dharura mahali unapoweza kuifikia, hata kama riba yake inakatwa. Ukishapata ya kutosha miezi kadhaa, hapo ndipo ufikirie kujaza kikomo. Na kama una pesa ya ziada ya muda mrefu, hati za serikali za miundombinu hazikatwi ushuru kwenye riba, na unaweza kuzinunua moja kwa moja kwa Benki Kuu kupitia mfumo wa DhowCSD bila dalali.

Nafuu ya ushuru haiji yenyewe kila mara. Mchango unaopitia kwa mwajiri ni rahisi kuhesabiwa. Ule unaolipa mwenyewe kwa simu au benki, mpelekee mhasibu wa kazini risiti zake. Tangu Julai 2025 sheria inamtaka mwajiri aingize misamaha yote unayostahili wakati wa kukokotoa PAYE. Akikosa, dai mwenyewe unapojaza ripoti yako ya ushuru kwenye iTax kabla ya 30 Juni. Mwenye biashara ndogo asiyekuwa na mwajiri naye ana nafasi: mpango wa Mbao ulianzishwa 2011 kwa ajili ya watu wa jua kali wakiweka hata shilingi 20 kwa siku. Ukitumia njia ya namna hii, angalia gharama ya kutuma. Ikiwa kila muamala una ada, kusanya ya wiki nzima utume mara moja.

Ada ambazo hazimo kwenye karatasi

Chukua taarifa yako ya mwaka ya pensheni uisome sasa. Nyingi nilizowahi kushika zina safu nne: salio la mwanzo, michango, faida, salio la mwisho. Safu ya ada haipo. Mwanachama anaona faida ya asilimia 9 anafurahi, wala hajui kwamba mfuko ulipata 11.

Wanaolipwa kutoka kwenye mfuko ni wengi. Yuko meneja wa uwekezaji anayenunua hisa na hati. Iko benki inayotunza mali hiyo. Yuko msimamizi wa kumbukumbu za wanachama, wako wadhamini, mkaguzi wa hesabu, na kuna tozo ya Mamlaka ya Mafao ya Uzeeni, RBA. Kila mmoja ana kazi halali. Lakini wote wanakula kwenye chungu kimoja, na wanakula mwaka ambao mfuko umepata hasara sawa na mwaka ambao umepata faida.

Asilimia moja inasikika ndogo. Fanya hesabu hii kwa kalamu. Laki moja ikikua kwa asilimia 10 kwa miaka 25 bila ada yoyote inafika takriban 1,083,000. Ada zote zikiwa asilimia 1 kwa mwaka, inafika 862,000. Ada zikiwa asilimia 2.5, inafika 610,000. Kati ya mpango wa bei nafuu na wa bei ghali kuna karibu robo milioni, na ni kwa laki moja tu uliyoweka mara moja. Mwenye kuchangia kila mwezi hupoteza zaidi. Ndiyo maana nasisitiza: mtu anayebishana na KRA kwa elfu mbili halafu hajawahi kuuliza ada za mfuko wake anapigana vita pasipo na adui.

Mipango yenye dhamana inayoendeshwa na kampuni za bima ni migumu zaidi kuichunguza. Kampuni hutangaza kiwango cha faida mwisho wa mwaka, na kiwango hicho tayari kimeshatolewa gharama. Sifa yake ni kwamba salio halishuki soko likianguka, jambo la thamani kwa mtu aliyebakiza miaka mitatu astaafu. Kwa kijana wa miaka 28, dhamana hiyo anailipia bei ambayo huenda haihitaji.

Waandikie wadhamini wako barua pepe fupi. Uliza jumla ya gharama za mpango kwa mwaka uliopita ikiwa asilimia ya mali yote. Uliza kama kuna ada ya kujiunga, ya kuhama au ya kutoa pesa. Uliza kama ajenti aliyekuandikisha analipwa kamisheni, na inatoka wapi. Majibu yakichelewa, nenda kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa wanachama uyaulize kwa sauti, mbele ya watu. Nimeona katika mkutano mmoja swali la namna hiyo likiulizwa na dereva wa kampuni, wakubwa wake wote wamenyamaza, na mwaka uliofuata mkataba wa msimamizi ukajadiliwa upya.

Ukibadilisha kazi

Hapa ndipo akiba nyingi hufa. Mtu ameacha kazi akiwa na miaka 35, anajaziwa fomu ya kutoa mafao, anaona kiasi ambacho hajawahi kukishika maishani. Sheria inamruhusu kuchukua sehemu na kuacha nyingine hadi umri wa kustaafu. Msamaha mpya wa ushuru haumhusu. Unamhusu aliyefikia umri wa kustaafu, aliyelazimika kutoka kwa sababu ya ugonjwa, na aliyetoa pesa baada ya miaka 20 tangu asajiliwe kuwa mwanachama. Nje ya milango hiyo mitatu, kinachozidi kiwango cha msamaha wa kawaida kinatozwa, na kinachobaki kinaingia kwenye gari au harusi.

Kuhamisha akiba yote kutoka mpango mmoja uliosajiliwa kwenda mwingine hakutozwi ushuru. Fomu ni ileile, unachagua kisanduku tofauti. Ukiacha kazi bila kujua unakwenda wapi, fungua mpango wa mtu binafsi uhamishie humo. Usiiache akiba kwa mwajiri wa zamani ukiwa umebadilisha namba ya simu na anwani, kwa sababu mali iliyopotea mwenyewe huishia kwenye Mamlaka ya Mali ya Fedha Isiyodaiwa, UFAA, na warithi wako watahangaika kuitafuta wasijue hata jina la mfuko.

Siku ya kustaafu

Kama mpango wako ni mfuko wa akiba, unaweza kuchukua yote kwa mkupuo. Kama ni wa pensheni, unachukua hadi theluthi, na inayobaki lazima ikulipe kidogokidogo. Njia ni mbili, na tofauti yake kubwa iko kwenye urithi, jambo ambalo maajenti huligusa juujuu.

Ya kwanza ni kununua pensheni ya maisha kwa kampuni ya bima. Utalipwa hadi ufe, hata ukifika miaka mia. Ukifa mapema, malipo yanaendelea tu kwa kipindi cha dhamana ulichochagua, au kwa mwenzi wako kama uliandika hivyo tangu mwanzo. Baada ya hapo hakuna salio. Ya pili ni kuweka pesa kwenye mfuko wa kuchota, ambapo unatoa si zaidi ya asilimia 15 ya salio kwa mwaka, kwa angalau miaka 10. Ukifa, kilichobaki ni cha wanufaika wako. Lakini mfuko huo unaendelea kukatwa ada, na ukichota sana unaweza kuumaliza ukiwa hai.

Mtu mwenye afya njema, ambaye ukoo wao huishi miaka mingi na watoto wake wanajitegemea, namshauri apendelee pensheni ya maisha. Mwenye maradhi ya kudumu, au mwenye mtoto anayehitaji kutunzwa maisha yote, mfuko wa kuchota unamfaa zaidi. Vyovyote utakavyochagua, omba bei za kampuni tatu kwa maandishi kabla ya kutia sahihi. Ukishanunua pensheni ya maisha hakuna kurudi nyuma.

Unachowaachia

Kenya haina ushuru wa urithi. Ulikuwepo, ukafutwa 1982, mwaka mmoja baada ya Sheria ya Urithi kuanza kutumika. Mali ikipita kutoka kwa marehemu kwenda kwa msimamizi wa mirathi, na kutoka kwa msimamizi kwenda kwa mrithi, haitozwi ule ushuru wa faida ya mtaji wa asilimia 15. Ushuru wa stempu wa asilimia 4 mjini na 2 mashambani ni wa mtu anayenunua. Kwa hiyo yeyote anayeiambia familia iliyofiwa kwamba lazima ilipe asilimia fulani ya shamba kwa serikali ili irithi, aombwe aonyeshe kifungu.

Gharama za kweli ni za utaratibu. Utahitaji cheti cha kifo, barua ya chifu inayotaja warithi wote, ombi mahakamani, idhini ya wanafamilia, tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali linalotoa siku 30 za pingamizi, kisha kwa kawaida miezi sita kabla ya hati ya usimamizi kuthibitishwa na mali kugawanywa. Mali isiyozidi shilingi milioni 20 inaweza kushughulikiwa na hakimu mkuu katika mahakama ya karibu, huna haja ya kusafiri hadi Mahakama Kuu. Waislamu wana njia ya Mahakama ya Kadhi, na wasia wao unafuata sheria ya dini yao kuhusu theluthi. Ada za mahakama ni ndogo. Kinachopanda ni wakili, hasa ndugu wakigawanyika na kila upande ukaajiri wa kwake. Elewana naye malipo kwa maandishi kabla hajaanza, ukijua kama ni kiasi maalum au asilimia ya mali.

Wakati huo wote, ada za ardhi za kaunti zinaendelea kudaiwa pamoja na faini zake, na hati haihamishwi bila cheti cha kuonyesha hakuna deni. Nyumba za kupangisha nazo haziachi kudaiwa: kodi ya nyumba ya kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka inatozwa asilimia 7.5 kila mwezi, na anayepokea pesa za wapangaji baada ya mazishi ndiye atakayeulizwa. Ushuru ambao marehemu mwenyewe hakulipa hulipwa kwanza kutoka kwenye mali yake, kabla ya mgao.

Usiguse kadi ya benki ya marehemu hata kama unaijua PIN yake na pesa ni za jeneza. Kuingilia mali ya marehemu bila hati ni kosa chini ya kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi, na ndugu mwenye chuki hukitumia kifungu hicho.

Pensheni ni tofauti, na hapa ndipo unaweza kuwasaidia watu wako zaidi kuliko kwa kitu kingine chochote ulicho nacho. Kwa sheria ya mafao ya uzeeni, kifungu cha 36A, mafao ya mwanachama aliyefariki si sehemu ya mirathi yake. Hayapiti mahakamani. Wadhamini huyalipa kwa kufuata kanuni za mpango, wakiongozwa na fomu ya uteuzi wa wanufaika uliyoijaza. Mjane anaweza kupata pesa hizo wakati shamba bado linasubiri gazeti la serikali. Lakini angalia fomu yako inasema nini. Wengi waliijaza wiki ya kwanza kazini, wakaandika jina la mama, na mama keshafariki; hawakurudi tena baada ya kuoa, kuzaa au kuachana. Wadhamini hawalazimiki kuifuata neno kwa neno, wanaweza kuangalia ni nani hasa aliyekuwa akikutegemea, na wasipopata picha wazi hulipa polepole. Andika majina kama yalivyo kwenye vitambulisho, namba za vitambulisho, asilimia ya kila mmoja, na kwa mtoto aliye chini ya miaka 18 taja mlezi. Fanya hivyo pia kwa sacco na kwa bima. Weka nakala pamoja na orodha ya akaunti, mifuko na hisa mahali ambapo mtu mmoja unayemwamini anapajua. Kama mali tayari imekwenda UFAA, warithi waidai wenyewe, wasimpe wakala sehemu ya pesa kwa kujaza fomu wanayoweza kujaza wao.

Kuuza mali iliyorithiwa ni sura nyingine. Mrithi anayeuza baadaye anaweza kudaiwa asilimia 15 ya faida, kiwango kilichopanda kutoka asilimia 5 Januari 2023. Iko misamaha: nyumba aliyoishi mwenyewe mfululizo miaka mitatu kabla ya kuuza, mali isiyozidi thamani ya milioni 3, na shamba la kilimo lisilofika ekari 50 nje ya mji. Upo pia msamaha ambao familia nyingi huukosa kwa kuchelewa tu. Mali inayouzwa kwa ajili ya kusimamia mirathi, kwa mfano kulipa madeni au kugawana pesa, haitozwi mradi mauzo yakamilike ndani ya miaka miwili tangu siku ya kifo. Kukiwa na kesi, miaka miwili inahesabiwa tangu kesi iishe. Kamishna wa KRA anaweza kuongeza muda kwa maandishi. Kwa hiyo kama mnajua mtauza, pelekeni ombi mahakamani miezi ya mwanzo, na mkiona mwaka wa pili unakwisha na mnunuzi hajamaliza kulipa, msimamizi wa mirathi aandike kwa Kamishna kuomba muda kabla tarehe haijapita, aambatishe cheti cha kifo na mkataba wa mauzo, na ahifadhi nakala yenye muhuri wa kupokelewa.